Dawa ya Kupe Mtoni

Jepchumba alimfundisha binti yake Sandra kabla hata hajajua kusoma: usinywe maji ya mto kabla hujaona samaki. Huko juu ya Kapsokwony mto unashuka kutoka mlimani ukiwa baridi ya kuumiza meno, na trauti, yule samaki wa madoadoa, hakai kwenye maji machafu. Ukimwona anacheza, chota unywe. Akina mama wote wa mtelemko ule walifundisha hivyo.

Mwaka huu kiangazi kilikaa sana. Mto ukakonda, trauti wakajificha chini ya mawe, wakakataa chambo. Kibiwott, bwana yake Jepchumba, alikuwa ameahidi hoteli moja ya Kitale samaki wa harusi, na siku ya harusi ikamkuta na ndoano tupu. Rafiki yake Rotich akamcheka.

"Bado unabembeleza samaki na mnyoo, bana? Hata bibi yako hukumbembeleza hivyo!"

"Si unionyeshe njia yako basi."

Njia ya Rotich ilikuwa chupa ya dawa ya kupe, ile ya kuogeshea ng'ombe. Jepchumba akaiona.

"Baba Sandra, hayo maji watu wanakunywa."

"Watu gani? Mto unakimbia, unaenda na dawa yake. Ikifika Bungoma imeisha ukali." Wakacheka wote wawili. "Wewe enda usonge ugali."

Akaenda kusonga ugali. Mama unayesoma hii, sikia vizuri: Jepchumba alijua watoto walikuwa kivukoni, chini kidogo, na ng'ombe, na miguu ya kukimbia alikuwa nayo. Aliogopa tu kuitwa mwanamke wa kelele.

Dawa ilipomwagwa mtoni, samaki hawakufa mara moja. Kwanza walipanda juu, wakazungukazunguka, wakaruka wakitafuta hewa, na wale waliomponyoka Kibiwott wakasukumwa na maji hadi kivukoni. Asiyejua angesema wanacheza. Sandra, jua limemchosha, akainama akanywa mpaka akashiba.

Alifika nyumbani akitoka mate, anatetemeka, anajishika tumbo.

"Nimekunywa pale kwa samaki, Mama," alisema. "Walikuwa wengi."

Kibiwott aliruka kutoka kwenye kiti. "Nani alimruhusu kunywa maji ya mto?" akamfokea mkewe.

Pikipiki ya karibu ilikuwa ya Rotich, naye alikuwa ameshaondoka na mzigo wa samaki kwenda Kitale. Jepchumba akampigia simu.

"Rudi, shemeji! Mtoto anakufa!"

"Ah, mpe maziwa, atatapika. Barafu inayeyuka huku, samaki wataniozea." Akakata.

Walimbeba mgongoni, wakipokezana, kupanda kwenda barabarani. Kabla ya kufika, Jepchumba alisikia mikono ya mtoto imelegea shingoni mwake. Aliendelea kutembea. Kibiwott ndiye aliyemshika bega akamwambia asimame.

Jioni Rotich alirudi akakuta watu wamejaa uani. Alikuwa amebakisha samaki wawili ndani ya gazeti, zawadi ya mke wa rafiki yake, na hakujua awaweke wapi. Jepchumba alimpokea. Akawasha jiko, akawakaanga, akawaweka kwenye sahani katikati ya Rotich na bwana yake, mbele ya waombolezaji.

"Kuleni," alisema.

Hakuna aliyenyoosha mkono. Kibiwott aliangalia chini. Na kule Kitale, saa hiyo hiyo, harusi ilikuwa inakula.