Nyapara Ndani ya Tenga

Asajile alipata unyapara, na mkamwana wake alikuwa kwenye kundi alilopewa kusimamia.

Hilo ndilo lilikuwa tatizo lote. Kwa Wanyakyusa wa wakati ule wa Mdachi, mke wa mwanao hakuoni na wewe humwoni. Akikusikia njiani anaingia migombani, anajifunika nguo, anangoja upite. Jina lako halitamki. Kila mtu wa Ndandalo alilijua hilo, isipokuwa Bwana wa Kidachi aliyekuwa anajenga ghala kando ya ziwa na kutaka matofali yaishe kabla ya mvua.

Asajile alikuwa amebeba udongo mpaka shingo ikazama mabegani. Unyapara ulikuja na koti la kaki lenye vifungo vya shaba, na mwenye koti habebi kitu. Hakuwa tayari kulivua kwa ajili ya mtu yeyote.

Asubuhi ya kwanza alikwenda kuwakagua wanawake wanaoteka maji ya kukandia udongo. Anyisile, mkamwana wake, alimwona kwa mbali, akatupa mtungi na kuzama kwenye matete. Wenzake nao, kwa adabu, wakatua mitungi yao na kusimama mstari kumkinga kwa nguo zao. Maji hayakuja. Wafyatuaji wakakaa chini. Asajile akaondoka, kazi ikaanza. Akarudi, kazi ikasimama. Hakuna nyapara aliyewahi kuzuia kazi namna ile kwa kuja kazini.

Basi akahamia nyuma ya kichuguu, akawa anapiga kelele za amri huku amewapa watu mgongo. Bwana akamkuta huko. Kupitia kwa mkalimani wake, Sadoki, akauliza kama mchwa nao wameandikwa kazi. Asajile akajibu kwamba hata wao wanahitaji kusukumwa.

Siku hiyohiyo Angetile, rafiki wa Anyisile, alimfuata na ujumbe.

"Tata, mwenzangu amechoka kukaa kwenye matete. Mbu wanammaliza. Anasema kama lazima uje, uje kwa kelele."

"Kelele gani?"

"Hata ng'ombe wako anasikika, tata."

Asajile akamvua ng'ombe wake kengele akaivaa yeye. Ikafaa. Kengele ikilia, Anyisile anapita upande wa pili wa matofali, mtungi kichwani, bila kumwaga tone. Matofali yakaongezeka. Bwana akaona huyu ndiye nyapara pekee asiyewavizia watu, akampandisha kuwa nyapara mkuu na kumwongezea kofia. Wabeba udongo wakawa wanamuuliza anakamuliwa saa ngapi.

Lakini nyapara mkuu ndiye aliyegawa ujira siku ya kumaliza kazi, mkono kwa mkono. Ujira ulikuwa kipande cha kaniki kwa kila mtu. Asajile alimwomba Sadoki agawe kwa niaba yake. Sadoki akasema yeye ameajiriwa kwa maneno, si kwa nguo. Asajile akamwomba Bwana amwondolee kazi hiyo. Bwana akasema mkuu anayewaogopa watu wake arudi kubeba udongo.

Basi akajifunika tenga la samaki, akalizungushia majani ya mgomba uso usionekane, akakaa kando ya mkeka wenye rundo la kaniki, mkono mmoja nje. Bwana akauliza hiki ni nini. Sadoki, aliyekuwa na njaa, akajibu kwamba ni desturi. Bwana akaenda kunywa kahawa.

Watu wakapita. Mkono ukatoa kaniki, sauti ikashukuru, "Ndaga." Baadaye zikaja ndaga nyembamba za kubana pua, na ndaga za kukohoa, na Asajile, gizani na harufu ile ya samaki, akafurahi kuona alivyokuwa akisimamia watu wengi. Ambrose, mvuvi aliyekuja kuuza samaki tu, alipita mpaka akachoka.

Anyisile alingoja awe wa mwisho, kama ilivyompasa. Akaja kinyumenyume, mkono mgongoni. Mkono wa Asajile ukapapasa, ukakuta mkeka mtupu.

"Angetile," Anyisile alisema, macho yake ziwani, "mwambie aliyemo humo kwamba nimebeba maji mpaka ghala limekwisha, na heshima nimempa. Anipe changu, au narudi kwa baba yangu."

Angetile akainama. "Tata, umesikia?"

"Nimesikia," tenga likajibu. "Mwambie asiende."

Bwana akarudi, akakuta mkeka mtupu na Ambrose amejifunga kaniki tumbo zima.

Koti lilivuliwa palepale, na kofia. Ambrose alisema zote amepewa mkono kwa mkono, akaachiwa, na Asajile akazilipa kwa dume lake la ng'ombe. Anyisile alipewa mtamba, ndipo akabaki. Baba yake Anyisile alipelekewa jogoo na mkungu wa ndizi kwa ajili ya aibu. Kazi ya ghala la pili ilipoanza, Bwana alitaka nyapara asiyeogopa watu; Asajile aliandikwa kubeba udongo, na nyapara wake akawa Ambrose.