Kisu cha Ndaki

Nyamizi alikitupa chini kile kisu cha dukani, akakinyonya kidole kilichokuwa kikivuja damu. Kisu kilijikunja katikati ya kazi, na ngozi ya Mapembe haikutoboka hata kidogo. Maksai huyo, wa pekee aliyebaki wa kulimia, alikuwa amelala kando ya zizi, ubavu wa kushoto umefura, ulimi nje. Alfajiri alivunja ua wa shamba la kunde, akajilia majani mabichi yenye umande mpaka basi.

"Mama, anakufa huyu," alisema Suzana, mkamwana wake.

"Naona, mwanangu. Kakate bua la jani la papai, refu, lenye tundu. Kimbia."

Kumtoboa ubavu ili upepo uliojaa tumboni utoke, hilo alijua. Marehemu mumewe, Ndaki, alitoboa ng'ombe wa nusu ya kijiji cha Kakese, na Nyamizi ndiye aliyemshikia mkia. Tatizo lilikuwa kisu. Ah, visu vya siku hizi! Mwaka ule wa tisini na nne vilijaa sokoni Mpanda, vina mipini ya plastiki yenye rangi za peremende, na vyote ni vya kumenyea machungwa tu. Kisu cha Ndaki ndicho kilikuwa kisu. Cha kukunja, mpini wa pembe uliokolea weusi wa kiganja chake, chuma kizito, springi ngumu. Ukikifungua kinasema ka, na hapo hakirudi mpaka utake wewe. Alichongea mipini ya majembe, alikatia kamba za ngozi, aliwamenyea wajukuu miwa. Jioni alikipaka samli, akakikunja taratibu kama anayelaza mtoto. Nyamizi alikipenda kisu kile. Mwaka mzima tangu kiondoke, mkono wake ulikuwa bado ukikipapasa kwenye koti la marehemu.

Kilichukuliwa na mtani. Siku ya mazishi, Makarius Mfipa, jirani wa ng'ambo ya kijito, alijilaza kaburini akidai kwamba zamu ilikuwa yake na Ndaki kamrukia foleni. Watu wakacheka na machozi yao. Kisha akakitia kisu mfukoni mbele ya wote. Ilikuwa haki yake, kwani alichochukua mtani msibani hakidaiwi. Hata hivyo roho ilimuuma Nyamizi.

Sasa aliteremka hadi ukingoni mwa kijito, akapaza sauti bila haya.

"Makarius! Njoo na kisu!"

Makarius alivuka mbio, suruali imelowa mpaka magotini. "Leo unadai, mtani?"

"Sidai, naazima. Ukileta maneno nakutoboa wewe kwanza."

Kisu kiling'aa mafuta. Nyamizi aliliona hilo kabla ya yote, na moyo ukamlegea, maana kumbe kilikuwa kikitunzwa. Akakifungua, kikasema ka. Alipima kiganja kimoja nyuma ya ubavu wa mwisho, akachoma kwa nguvu zake zote, akazungusha mkono kulipanua tundu. Springi haikutikisika. Upepo ukafoka, ukinuka majani yaliyochacha. Suzana akachomeka lile bua la papai, na tumbo likaanza kushuka pole pole.

Nyamizi alikiosha kisu, akakaa nacho zaidi ya ilivyohitajika. Makarius akajifanya anatazama zizi.

"Baki nacho, mtani. Mimi nakatia tumbaku tu."

Alikitaka. Mungu anajua alivyokitaka. Lakini kukichukua tena kungekuwa kuufuta utani, na utani ule ndio uliomchekesha siku aliyodhani hatacheka tena. Akakikunja, akamwekea kiganjani.

"Chukua. Siku ukifa nitakuja kukipora mbele ya padre."

"Wanangu nimeshawaambia wakupishe njia."

"Basi usikawie, mwenzio nazeeka."

Makarius alicheka mpaka akashika ua, kisha akarudi zake kuvuka maji, mkono mmoja mfukoni. Nyamizi akapiga magoti kando ya Mapembe, akaweka kiganja juu ya ubavu wake, akauhisi ukipanda na kushuka.