Miguu ya Dada Ina Namba ya Siri

Nimetengeneza baiskeli hapa Friesland, kaskazini mwa Uholanzi, miaka thelathini na moja, halafu mtu wa kwenye simu ananiambia sina ruhusa ya kugusa waya! Hasira zilinipanda hadi masikio yakawaka moto.

Kiti cha magurudumu cha umeme cha dada yangu Ytsje kilizimika Jumatatu, siku ileile mfereji wa nyuma ya nyumba ulipoganda sawasawa. Barafu ya kukanyagika hatukuwa tumeiona kwa miaka minane. Dada alikuwa ameshanunua matairi yenye misumari. "Safari hii naingia barafuni mwenyewe, Froukje," alisema. "Sisukumwi na mtu."

Kampuni ya kiti ikasema fundi atakuja baada ya wiki mbili. Wiki mbili! Kwani barafu inapanga foleni? Nikakifungua kiti mwenyewe, nikakuta waya mmoja umekatika, mwembamba kama uzi wa kushonea. Nikauunga. Taa ikawaka, halafu kioo kidogo cha kiti kikaandika: kimefunguliwa, weka namba ya siri ya fundi. Nikapiga simu tena.

"Namba tunawapa mafundi wetu tu."

"Lakini nimeshakitengeneza!"

"Hilo ndilo tatizo lenyewe, mama."

Mama yako! Nusura niitupe simu mferejini.

Siku ya nne upepo ukageuka, joto likaanza kurudi. Shingo upande, dada akakubali kukalishwa kwenye kiti cha jikoni, kile watoto wanachokisukuma barafuni wakijifunza kuteleza, nami nikamsukuma. Majirani wakasimama kutusalimu. "Hasikii baridi?" wakaniuliza mimi. "Anakunywa supu ya njegere?" Yeye yupo palepale, anawasikia! Haikufika hata robo saa, akasema, "Nirudishe ndani." Alikuwa analia. Kesho yake mfereji ulikuwa maji matupu.

Fundi alikuja wiki ya tatu. Akabonyeza tarakimu sita, kiti kikanguruma. Hata skrubu moja hakuigusa! Kisha akanigeukia mimi na karatasi mkononi.

"Saini hapa, kwamba kilifunguliwa na mtu asiyeruhusiwa."

Dada akakiendesha kiti mpaka kikagusa ncha za viatu vya fundi. Fundi akarudi nyuma hatua moja, dada naye akasogea.

"Nitazame mimi," akasema. "Leo asubuhi ulipotoka kitandani, miguu yako uliiombea ruhusa kwa nani?"