Nyoka wa Zamu ya Asubuhi

Maneno matamu humtoa nyoka pangoni. Kumrudisha, wahenga walituachia wenyewe. Katika chumba cha simu cha kampuni ya maji, nyoka walianza kutoka asubuhi, mara wahudumu walipovaa hedifoni na kusema, "Karibu, mpendwa mteja." Walipenya kwenye matundu ya nyaya, wakajikunja chini ya meza penye joto la kompyuta. Wahudumu walipandisha miguu vitini, wakaendelea. Mfagizi aliwasukuma nyoka kando kwa ufagio, akapiga deki.

Msimamizi alikuwa mtu wa tabasamu. Alisikiliza simu zote kutoka chumba chake cha vioo, na sauti ya mtu ikipungua sukari aligonga kioo kwa pete. "Hapa sisi ni familia," alipenda kusema. Kila Ijumaa waliulizwa kwenye kompyuta kama wameridhika na kazi. Mashine ilipokea jibu moja tu, ndiyo, kwa hiyo waliridhika.

Mhudumu waliyemwita Kinanda alikuwa na sauti tamu kuliko wote. Mama yake na wadogo zake walikula kwa sauti hiyo. Chini ya meza yake palijaa nyoka pomoni.

"We Kinanda, punguza asali," jirani yake, Mama Pacha, alimtania. "Wako wanahamia kwangu."

"Si watakulipa kodi?"

Jumanne, mmoja alimuuma Mama Pacha kifundoni. Hakupiga kelele, alikuwa na mteja. "Kuna lingine nikusaidie?" alimalizia, midomo ikibadilika rangi. Kinanda alimkatia simu mzee aliyekuwa akilalamikia bomba, akambeba mwenzake mgongoni hadi zahanati.

Aliporudi, kiti cha Mama Pacha kilikuwa na msichana mgeni, miguu ameshaipandisha.

Msimamizi alimwita Kinanda chumbani kwake. Nyoka mdogo alikuwa amelala juu ya printa. Msimamizi akamsogeza taratibu, akachukua karatasi yake.

"Ulimkatia mteja, dada yangu."

"Mama Pacha aliumwa na nyoka, bosi."

"Nyoka wapo kila siku. Mpigie yule mzee umwombe radhi, na mimi uniombe, yaishe. La sivyo, hedifoni iache hapa mezani."

Nje ya kioo, msichana mgeni alikuwa akisema, "Karibu, mpendwa mteja," kwa sauti nzuri sana, na chini ya sakafu kitu kikaanza kusogea.

Kinanda aliivua hedifoni iliyokuwa bado shingoni, akaiweka mezani.

"Siombi," alisema.