Sauti ya Narelle

Narelle alikuwa akikaanga samaki na chipsi dukani kwa mama yake, Port Kembla, siku sauti yake ilipokwenda kazini kwa mara ya kwanza. Alimgeukia mteja wake, Bibi Petrovski, amuulize kama anataka siki. Mdomo ukafunguka, ukatoa wimbo. Akauimba wote, pamoja na ile sehemu ya mayowe, samaki wakiungua. Bibi Petrovski akangoja amalize.

"Siki kidogo tu, mwanangu," akasema.

Wimbo ule Narelle aliutunga mwenyewe enzi za Kutu. Kutu ilikuwa bendi ya watu watatu: Narelle akiimba na kupiga besi, mdogo wake Damien kwenye ngoma, na Glenn, kijana wa sura nzuri, kwenye gitaa. Walipiga roki ya kukwaruza, isiyojipendekeza kwa mtu, katika baa ambamo wafanyakazi wa kiwanda cha chuma waliwapigia kelele, "Punguzeni, tunakunywa!" Bendi haikumaliza mwaka. Glenn alisema amechoka na muziki, bora bendi ife salama. Wakakumbatiana. Damien akaaga kwamba anakwenda Sydney kupaka rangi nyumba.

Jioni ya siku ile ya chipsi, televisheni ilionyesha tamasha la mchana huko Sydney. Glenn alikuwa mbele, Damien nyuma yake na ngoma zake. Bendi ilikuwa na jina jingine. Glenn alipofungua mdomo, ilitoka sauti ya Narelle, ikiimba wimbo uleule. Magazeti yalisifu: mwanamume mwenye sauti ya kike, jambo jipya.

Ikawa kila Glenn akipanda jukwaani, Narelle naye anaimba alipo, na mtaa ukazoea. Narelle alijaribu kujifunga kitambaa mdomoni; wimbo ukapitia puani. Daktari alimmulika kooni.

"Koo ni zima," alisema, "ila linatumika mno."

Kiangazi kilipoingia, gari jipya lilisimama nje ya duka, akashuka Glenn. Narelle akafuta mikono kwenye aproni. Alidhani amekuja kuomba radhi.

"Relle, sauti imeanza kukauka," Glenn alisema. "Kwenye onyesho la Brisbane watu wamegundua." Akaweka chupa ya asali kwenye kaunta. "Unywe na maji moto. Na huu moshi wa mafuta, jamani! Huwezi kutafuta kazi nyingine?"

"Uliniambia umechoka na muziki."

"Kampuni ya muziki ilitaka sura. Mimi nilitaka kukwambia, haki ya Mungu. Damien ndiye aliyekataa. Alisema, 'Dada hana neno, atasamehe tu.'"

Damien alikuwa ndani ya gari. Narelle akatoka hadi barazani.

"Dami!" akamwita, kama alivyomwita tangu utoto.

Damien akapandisha kioo.

Jumamosi iliyofuata, duka limejaa, ulimjia wimbo asioujua. Huo alikuwa ameutunga Glenn. Ulimlalamikia rafiki wa damu aliyemtupa mwimbaji pasipo hata kuaga. Narelle aliuimba bila kukosea, machozi yakimtiririka, na hayo yalikuwa yake mwenyewe.

Mama yake akazima jiko. "Na huu umeutunga wewe?"

"Hapana, mama."

Mfanyakazi mmoja wa kiwandani, kofia ngumu mkononi, alisema kwamba huyo rafiki wa wimboni hana utu hata chembe. Narelle akakubaliana naye, kisha akamuuliza mteja anayefuata angependa nini.