Ini la Ng'ombe wa Gratien

"Ng'ombe yako imekula koti ya bwana harusi, na unaniuliza fimbo ya nini?"

"Gusa yeye tena, Muhamadi! Gusa tu! Nitachoma hiyo nyumba, na cherehani ndani, na we ndani!"

Mtaa mzima ulikuwa umejazana kwenye ua wa miti ya miyenzi uliotenganisha nyumba zao, wengine na vikombe vya chai mkononi, maana fundi Muhamadi na Gratien mvuvi wakigombana hakuna anayetaka kusimuliwa. Watu walicheka. Muhamadi hakucheka. Ilikuwa Novemba ya mwaka hamsini na tisa. Huko vilimani watu walikuwa wakichomeana nyumba kweli, moshi anauona akiwa mlangoni kwake.

Kesho yake akapanda mlima mpaka Kanama kwa mzee Nzeyimana, aliyewabebea askari mizigo katika vita vya Wajerumani na kurudi na bastola ya matundu sita. Muhamadi akampa koti jipya la sufu, akapewa bastola na risasi tatu zenye kutu ya kijani.

"Inalia?"

"Ilikuwa inalia muzuri sana," mzee akasema, akijipima koti. "Ila usijaribie hapa. Polisi iko na masikio."

Basi akangoja radi ifunike mlio. Ikaja Ijumaa, baada ya adhuhuri. Nyuma ya nyumba, kando ya ua, akachagua mgomba mnene kuliko yote. Tangu utotoni alijua shina la mgomba humeza panga mpaka mpini. Akaamini litameza na risasi. Radi ikapiga, akafyatua: tak. Ikapiga tena: tak. Radi ya tatu, risasi ikalipuka, bastola ikamruka mkononi.

Shina likavuja maji pande zote mbili. Ng'ambo ya ua kitu kizito kikaanguka.

Akakimbilia ndani; hajamaliza kuificha bastola chini ya vitambaa, Gratien huyo mlangoni, analia bila kujificha.

"Baba Saidati, njoo na kisu! Radi imepiga ng'ombe yangu, lakini bado anapumua. Chinja yeye mbele ya kufa, majirani wote wakule!"

Ndivyo mtaa ulivyoishi: akichinja Mwislamu, kila nyumba inakula, hata nyumba zilizonuniana. Muhamadi akataja jina la Mungu, akachinja. Pembeni alisimama Donatha, mke wa Gratien, na mjukuu wa miezi minne ambaye mama yake walimzika Agosti. Mtoto aliishi kwa maziwa ya ng'ombe yule tu. Sasa alikuwa ananyonya kidole cha bibi yake.

"Kifua niachieni mimi," Muhamadi akasema walipoanza kuchuna. Nyuma ya bega palikuwa na tundu dogo. Akapitisha kisu juu yake. Ndani ya mbavu kisu kikagonga chuma. Akaifumbata risasi kiganjani.

"Ngozi haikuungua hata kidogo," akasema Mukamusoni, muuza samaki asiyepitwa na jambo. "Radi gani hii?"

"Radi ni radi," Gratien akamjibu. "Bora haikupiga mutu." Akamshika Muhamadi bega. "Bon, jirani. Yale ya kuchoma yalikuwa maneno ya hasira tu. Mi nawezaje kuchoma nyumba iko na watoto?"

Muhamadi akazidi kuifumba ngumi yenye risasi. Ini, fungu la mchinjaji, lilikuwa limeshaiva kwenye makaa. Donatha akatoka na birika la maji na beseni, mtoto mgongoni analia njaa, akasimama mbele ya ngumi iliyofumbwa.

"Fungua mikono nikunawishe, Baba Saidati," akasema. "Ingia ndani, ukule."