Kumkatalia Mzee Hapa Solo

Darasani vijana waliniita Babu, na hawakukosea. Mimi Wignyo, mvi kichwa kizima, nilikuwa nimerudi chuo hapa mjini Solo, kisiwani Java, kusoma shahada ya pili ya usalama wa taarifa pamoja na watoto walio sawa na wajukuu zangu. Wacha waseme. Nilikwenda pale kwa ajili ya mwalimu, Mama Sulasmi, mwanamke mfupi mwenye sauti ya chini, na nakwambia, sijapata kuona kichwa kama kile.

Kazi yetu ya muhula ilikuwa kuipima kliniki ya uzazi ya Daktari Hardoyo, kwa ruhusa yake mwenyewe: je, mtu asiyehusika anaweza kuzifikia siri za wagonjwa? Vijana walihangaika kuingia kwenye kompyuta za kliniki wakiwa mbali, wapi! Zilikuwa zimefungwa barabara. Wakarudi darasani wamenywea. Mama Sulasmi akawauliza mlango wa mbele unalindwa na nani, kisha akanigeukia na kutabasamu.

"Babu, shati la batiki unalo?"

Basi nikavaa, kama wazee wa heshima wavaavyo kwetu, nikaenda. Mapokezi nilimkuta binti aitwaye Sekarwati. Nikamwambia nimekuja kutazama mitambo. Hakuniuliza kitambulisho. Kwetu kumwuliza mzee wewe ni nani ni kumvunjia heshima, na binti yule alikuwa amelelewa. Alinipisha kiti chake mbele ya kompyuta, majina ya wagonjwa yamejaa kwenye skrini, akaniletea chai ya tangawizi. Akanieleza kwamba hii ndiyo kazi yake ya kwanza na wadogo zake wanaitegemea. Ile chai sikuimaliza, nasema kweli.

Tulipopeleka ripoti, Daktari Hardoyo alikunja uso. Huyu si mtu mdogo mjini, na zaidi ya hayo ndiye aliyemlea Mama Sulasmi tangu baba yake Mama alipofariki. Pale mapokezi wanafanya kazi kwa zamu, na ripoti haikumtaja mtu. Daktari akataka jina la aliyenipitisha, amfukuze siku ileile. Mama akamweleza kwa upole kwamba tatizo ni utaratibu. Akiondoka huyu atakuja mwingine aliyelelewa vilevile, na hatari itabaki palepale. Daktari hakutaka kusikia. Akanikazia macho mimi niseme. Nikafumbua mdomo bila kujua nitasema nini, Mama akaniwahi.

"Hapana, Baba. Jina hatutoi."

Tangu nizaliwe sijasikia mtu wa Solo akimwambia mzee wake neno hilo usoni. Sisi huzungukazunguka, tukasema tutaangalia, labda kesho.

"Unanikatalia mimi, Lasmi?"

"Nakukatalia, Baba. Na tazama." Akaweka mikono yake juu ya meza, inatetemeka. "Mimi ni mtu mzima, mambo haya nayafundisha, na hali yangu ndiyo hii. Yule wa mapokezi ulimpa nini cha kumsaidia amkatalie mzee?"

Daktari aliitazama ile mikono mpaka nikaona haya kwa niaba yake. Hatimaye akauliza, kwa sauti ya kawaida kabisa, afanye nini. Mama akamwambia atoe amri kwa jina lake mwenyewe: bila kitambulisho asipite mtu, hata yeye Daktari. Hapo atakayemzuia mzee atakuwa anamtii mzee. Akili gani hiyo, jamani! Mimi nimeishi miaka yote hii na isingenijia.

Juma lililofuata nilikwenda tena kliniki bila kitambulisho, nikasema nimekuja kutazama mitambo. Sekarwati alisimama, akainamisha kichwa, akawa mwekundu mpaka masikio.

"Nisamehe, Babu. Daktari amekataza. Huwezi kupita."

Nikamwambia mimi mzee, nimetoka mbali, miguu inaniuma. Akarudia maneno yaleyale.

Nikatoka nje juani. Sijawahi kufukuzwa mahali nikafurahi namna ile.